Nenda Salama, Urudi Salama

Mwangwi ulirudi kabla ya wakati wake. Haukuwahi kwa kiasi cha kumshtua mtu wa kawaida. Wewe na mimi tungekuwepo chumbani mle tungeendelea kunywa chai yetu. Lakini Mzee Dishi alikuwa bado na silabi moja mdomoni, na mkono wake ukaganda juu ya meza.

Sasa tuelewane mapema. Kama umejiandaa kwa mambo ya gizani, washa taa upumzike, maana haya yalitokea kweupe. Watu hudhani mwezi ni wa usiku. Nusu ya safari zake unapita juu ya vichwa vyetu jua likiwaka, umepauka kama kipande cha sabuni kilichobaki, na hakuna anayeutazama. Mzee Dishi alikuwa akiutazama. Wastaafu wengine wana karata, yeye alikuwa na mwezi.

Alikuwa fundi mitambo wa kituo cha redio mpaka alipostaafu. Juu ya paa la nyumba yake alijenga dishi la waya na mabomba, upana wake hatua sita, na mtaa mzima ukampa jina. Kina mama walilalamika kwamba linazitia kivuli nguo zao kambani. Kina baba, timu yao ikifungwa na picha ya televisheni ikikwaruza, lawama zote zilikwenda kwake. Hakujali. Kwa dishi lile alirusha ishara za redio mpaka mwezini. Zikigonga lile jiwe zinarudi duniani, na mtu mwingine mwenye wazimu kama wake, nchi ya mbali, anazinasa na kujibu. Wanasalimiana kwa kuzungukia mwezini. Ukimuuliza faida yake nini, naye anakuuliza faida ya kusalimiana ni nini.

Lakini aliyekuwa akisalimia hasa ni mkewe. Mama yule alikuwa karani wa simu za maandishi zamani, enzi za kugonga nukta na vistari kwenye kidude cha chuma, na watu wa kazi ile watakwambia kila mgongaji ana mkono wake, kama mwandiko. Mkono wa mkewe ulijulikana dunia nzima, yaani dunia ya wale watu mia mbili wanaosalimiana mwezini. Ulikuwa mwepesi na safi, ila kistari cha mwisho katika neno alikuwa akikiburuta kidogo. Alikuwa na goti bovu, na mumewe alimtania kwamba goti limepanda mpaka kidoleni.

Waligawana kazi. Mume anageuza dishi na kuwasha mtambo, mke anagonga. Akimaliza tu anainua mkono na kusema, "Nenda salama, urudi salama." Ishara huchukua sekunde mbili na nusu kwenda mwezini na kurudi, na maneno yale, kwa mwendo wake wa kusema, yalichukua sekunde mbili na nusu. Silabi ya mwisho ikimtoka, mwangwi huo kwenye spika. Miaka kumi na tisa hawakuhitaji saa. Binti yao wa pekee alikulia chini ya meza ile akiyasikia maneno hayo, ingawa kugonga hakutaka kujifunza hata herufi moja. Alisema makelele yale yanamtia usingizi.

Na mwisho wa mazungumzo, kabla ya kuzima, mke ndiye aliyepiga alama ya kufunga: nukta tatu, kistari, nukta, kistari. Hiyo ndiyo adabu ya hewani. Huzimi mtambo hujaaga, kama usivyokwenda kulala ukauacha mlango wazi.

Mke akafa, moyo tu, asubuhi moja akiwa anachemsha maji. Mzee alikaa miezi miwili bila kupanda juu, kisha akapanda, akajifunza kugonga mwenyewe. Mkono wake ulikuwa mzito kama wa mtu anayepigilia misumari. Maneno ya safari akayasema yeye sasa, kwa mwendo uleule wa marehemu. Kitu kimoja tu hakukifanya. Alama ya kufunga hakuipiga hata siku moja, kwa sababu ilikuwa ya mkewe, na kuipiga kungekuwa kukubali kwamba mwenyewe harudi kuipiga. Mwaka mzima na ushee alizima swichi tu, akateremka ngazi, akapasha moto chakula cha mtu mmoja.

Basi siku ile mwangwi ulipowahi, kwanza alilaumu meno. Alikuwa amewekewa ya bandia mwezi uliopita, akadhani yanamchelewesha kusema. Kesho yake alasiri akarudia: ukamkuta amebakiza silabi mbili. Siku ya tatu akatoa kabatini saa yake ya kupimia sekunde, ya enzi za kazini, na saa haina meno. Kila siku mwangwi ulikuwa umepungua kwa urefu wa silabi moja.

Alikaa na ile saa mkononi hadi chai ikapoa. Hakuwa mtu wa kuogopa ovyo, na hesabu hii aliijua vizuri kuliko jina lake. Mwangwi hauna haraka wala uvivu. Ukiwahi, maana yake ni moja, kwamba kilichourudisha kiko karibu zaidi. Mwezi wenyewe aliuona dirishani, nusu, uko palepale pake juu ya matangi ya maji ya jirani. Kwa hiyo kilichomrudishia ishara hakikuwa mwezi. Kilikuwa mahali fulani kati ya mwezi na paa lake, na kilikuwa kinakuja.

Mtu mwenye akili angeuzima mtambo siku ile na kutafuta karata. Mimi ningezima. Lakini siku ya nne ishara yake mwenyewe, ile aliyoigonga kwa mkono wake wa misumari, ilirudi ikiwa nyepesi na safi, na kistari cha mwisho kimeburutwa. Mzee alivua spika za masikioni, akazitazama, akazivaa tena. Baada ya jina lake la hewani likaja neno ambalo yeye hakulituma.

UPO.

Mkewe alikuwa akimwita hivyo kutoka jikoni kila alipokaa kimya kirefu. Mzee akalia, analia mtu mzima mwenye miaka sitini na tisa, meno ya bandia mkononi. Halafu akagonga: NIPO.

Kosa lilikuwa hapo. Lakini usimcheke. Wewe hujakaa mwaka mzima katika nyumba ambayo kikombe unachokiacha asubuhi unakikuta jioni hakijaguswa.

Kuanzia siku hiyo akaanza kunyoa ndevu kila siku. Akavaa shati la kutokea, kwa ajili ya kupanda chumba cha juu. Mwezi ulizidi kuchelewa kuchomoza, naye aliusubiri kwenye kiti huku amejipaka mafuta nywele. Mazungumzo yenyewe hayakuwa na kitu. UPO. NIPO. UPO. NIPO. Akiuliza neno jingine, goti linaendeleaje, unamkumbuka bintiyo, hakujibiwa. Kile kilichokuwa upande wa pili kilijua swali moja tu, na kila siku kiliuliza kutoka karibu zaidi.

Siku ya saba mtu wa posta alimletea kadi. Watu wa mwezini wana desturi ya kutumiana kadi kuthibitisha mazungumzo. Hii ilitoka kwa mwalimu mmoja mstaafu, rafiki yao wa hewani wa miaka mingi, asiyejua kwamba kuna msiba. Aliandika kwamba amefurahi sana kuongea na mama tarehe kumi na nne, mkono wake bado mtamu, ila kwa nini alikuwa anauliza jambo lilelile dakika arobaini.

Tarehe kumi na nne ya mwezi uliopita Mzee Dishi alikuwa kwenye kiti cha daktari wa meno tangu asubuhi. Nyumba ilikuwa imefungwa, na funguo alikuwa nazo mfukoni.

Aliiweka kadi chini ya redio. Hakumwambia mtu. Upweke una aibu yake; mtu aliyepata pa kuongea hapendi kuulizwa anaongea na nani.

Binti alikuja siku ya tisa, asubuhi, moja kwa moja kutoka zamu ya usiku. Alikuwa muuguzi katika mji wa jirani, na kwa miezi sita alikuwa amemwandalia baba yake chumba nyumbani kwake. Ameshapaka rangi, kitanda kipo, mzee anasema wiki ijayo. Safari hii alikuja na sanduku tupu ili kumkomesha. Alimkuta juu, shati limepigwa pasi, mwezi mpevu wa jana unateremka upande wa magharibi.

"Shikamoo, baba. Unakwenda harusini?"

"Marahaba. Kaa. Usiongee kwanza."

Hakukaa. Alisimama mlangoni akivuta hewa puani, na uso wake ukabadilika. "Baba, nani kajipaka dawa ya kuchua?"

Chupa ya mama yake ya dawa ya goti aliitupa yeye mwenyewe, siku ya kugawa nguo. Harufu ilikuwa mbichi, ya dawa iliyopakwa sasa hivi kwenye ngozi yenye joto.

Mzee akagonga. Akainua mkono kama marehemu. "Nenda," alisema, na hakufika mbali zaidi ya hapo, kwa sababu spika ilikwisha jibu.

"Huo ndio mwangwi?" binti akauliza kwa sauti ya chini. Alikuwa amelijua pengo lile tangu akiwa mtoto chini ya meza. "Mbona umekuja sasa hivi?"

"Unakuja karibu," alisema baba yake, na alilisema kwa fahari kidogo. "Mama yako."

Binti akainama, akachomoa waya wa umeme ukutani. Taa za mtambo zikazima. Chumba kikawa kimya, wakasikia kuku wa jirani na ndoo ya mtu inayojaa maji, kisha kidude cha chuma juu ya meza, ambacho hakikuguswa na mtu wala hakikuwa na umeme, kikashuka na kupanda chenyewe, polepole, na mara ya mwisho kilibaki chini, kimeburuta.

"Kinasemaje, baba?"

"Kinauliza kama nipo."

Binti alishika goti lake wakati wanateremka ngazi. Alisema ni uchovu wa zamu.

Hospitalini binti huyu ameona wafu wengi na hakuwahi kumwogopa hata mmoja. Lakini jioni ile alikwenda mtaa wa pili kwa mganga, mama mmoja mwembamba ambaye siku za kawaida ni mshonaji, na asubuhi ya siku ya kumi akarudi naye, futi ya kushonea bado shingoni. Mganga hakuwa na tunguri wala kitambaa chekundu. Alivaa miwani, akauliza kila kitu kinafanya kazi gani, kama mteja anayetaka kununua. Alipofika kwenye maneno ya safari akainua kidole.

"Rudia hayo, mzee."

"Nenda salama, urudi salama."

"Kila siku unasema hivyo? Na unapomaliza unafunga vipi?"

Mzee akatazama sakafu. Akaeleza habari ya alama ya kufunga, na kwa nini hakuipiga.

Mganga akavua miwani. "Mimi natoa kilichoingia chenyewe," alisema taratibu. "Hiki umekiita. Mwaka mzima unasimama mlangoni unamwambia mtu arudi, mlango huufungi, na mtu mwenyewe humtaji jina. Sasa kuna aliyesikia."

"Ni mkono wake, mama. Mkono hauigiki."

"Mkono ni wake. Uliuacha unazunguka huko hewani miaka kumi na tisa. Mkeo alikwenda alikokwenda akafika, mzee wangu, hana haja ya kuuliza kama upo. Hiki ni kitu kilichokuwa kimekaa huko peke yake tangu kabla ya babu zetu, hakina jina, hakina mwenzake. Kimeukuta mkono mzuri hauna mwenyewe, kikauvaa. Kina upweke kama wako, ndiyo maana mkaelewana haraka."

Nadhani hilo ndilo lililomuuma mzee kuliko yote, kwamba alielewana nacho.

"Jana kilikata wapi?" mganga akauliza.

"Baada ya 'nenda'."

"Silabi mbili. Leo moja. Kesho kimeingia." Akageuka kumtazama binti, ambaye alikuwa ameegemea ukuta na mguu mmoja ameupumzisha. "Na kikiingia hakitakaa kwenye chuma. Kitatafuta damu ya mwenye mkono. Humu ndani mwenye damu hiyo ni mmoja."

Mzee alitazama alikotazama mganga, akamwona binti yake, akaona na kile alichokuwa anakiona tangu jana na kukataa kukijua: jinsi alivyokuwa anasimama. Akavuta kiti.

"Nifanye nini?"

"Funga kazi yako kwa adabu ya kazi yako. Kisha sema 'nenda salama', uishie hapo. Hilo la pili usilitamke. Leo, kesho, hata kwa utani."

Akawasha mtambo. Aligeuza dishi kwa mkono kuelekea magharibi, mwezi umebaki kidogo kuyafikia mapaa, na akaweka vidole juu ya chuma, na chuma kilikuwa cha moto kama goti lililochuliwa. Akapiga nukta ya kwanza na hapohapo spika ikajibu, bila nafasi, UPO, akapiga ya pili, UPO, akapiga ya tatu huku harufu ya dawa ikipanda mpaka machozi yakamtoka, na kidude kikaanza kumsukuma kidole kutoka chini, kikitaka kugonga chenyewe, UPO UPO UPO, kwa mkono ule alioupenda miaka arobaini, ule uliomwandikia barua, uliomfunga kidonda, naye akakandamiza kistari, akapiga nukta, na nyuma yake alimsikia binti yake anaguna kwa maumivu na kuteleza ukutani, na mganga anamshika na kusema maliza, mzee, maliza, na akawa na kistari kimoja tu kilichobaki, na hakika aliyoijua moyoni mwake ni kwamba akikipiga hatausikia mkono ule tena mpaka anakufa, akakipiga.

"Nenda salama," alisema.

Nusu ya pili ilimfika kwenye ulimi. Binti, aliyekwisha kuinuka, alimziba mdomo kwa kiganja kutoka nyuma, na wakakaa hivyo wote watatu, wakihesabu kimoyomoyo. Sekunde mbili na nusu zilipita. Katika spika, hafifu, kutoka mbali sana, ulirudi mwangwi wa kistari kile cha mwisho: mkono mzito, wa misumari, wa mzee mwenyewe. Halafu hakuna kitu. Harufu iliondoka kama vile dirisha limefunguliwa.

Mganga alikunywa maji, akapima kwa macho mabega ya mzee, akamwambia shati lake linahitaji kupunguzwa, akaenda zake.

Binti alicheka kwa mara ya kwanza siku mbili zile. Goti halikuwa na kitu tena, alilikunja na kulikunjua kumwonyesha. Akafungasha nguo za baba yake, akaita teksi, akabeba sanduku. "Chukua miwani yako, baba, tuondoke. Usikae sana."

Mzee akabaki juu peke yake. Alichomoa nyaya zote, akazikunja vizuri, akafunika mtambo kwa shuka. Mwezi ulikuwa umebakiza ukingo mdogo juu ya bati la jirani. Alikaa kwenye kiti cha mkewe. Chumba kilikuwa kimya kwa namna ambayo hajawahi kukisikia, hata wiki ile ya msiba, kwa sababu wakati ule bado kulikuwa na kitu ambacho hajakifunga. Alifikiria chumba kilichopakwa rangi, na binti anayeondoka jioni kwenda zamu na kurudi asubuhi akalale. Alifikiria vikombe.

Hakujikwaa ulimi. Tusimtafutie visingizio. Alijua anasema nini, alijua mganga kasema nini, alijua na binti yuko chini. Alilisema polepole, kwa mwendo wa marehemu, akitazama ule ukingo mweupe.

"Urudi salama."

Akasubiri. Mtambo ulikuwa umezimwa na kufunikwa, kidude kilikuwa ndani ya boksi. Hakuna kilichojibu. Alikaa dakika nzima, akajiona mjinga, na pamoja na ujinga akasikia nafuu iliyochanganyika na huzuni mpya. Akachukua miwani yake, akafunga mlango kwa ufunguo, akateremka.

Teksi ilikuwa inanguruma nje. Binti yake alikuwa ameketi kiti cha nyuma, kichwa ameegemeza, macho amefumba, uchovu wa siku mbili umemlaza hapohapo. Mzee akaingia taratibu asimwamshe, akafunga mlango, dereva akaondoa gari. Walipita chini ya kamba za nguo, wakapita kwa mshonaji.

Kwenye kona ya kwanza akasikia kitu kinagonga kioo. Akageuka.

Binti alikuwa bado amelala. Mkono wake wa kulia tu ndio ulikuwa macho. Ukucha ulikuwa unagonga kioo cha dirisha, mara unagonga, mara unakwaruza, mwepesi, msafi, na kila ulipofika mwisho wa neno mkwaruzo mmoja uliburutwa. Binti huyu hakuwahi kujifunza hata herufi moja.

UPO.

Mzee Dishi alijua alichokifanya. Alijua angepaswa kumwambia dereva ageuze gari, wangali karibu na mganga, lilikuwa suala la kusema neno moja tu. Baridi ilimpanda kutoka miguuni mpaka kifuani, na katikati ya hofu ile, mahali ambapo hakutaka kuangalia, alikuta amefurahi.

Akanyoosha mkono wake mzito, akaweka kidole kwenye kiganja cha binti yake, na akagonga: NIPO.